Pikipiki Moja, Wadai Watatu

Kijana wa mikopo alipofika kwa dada yangu, mtaa wa Kamunyonge hapa Musoma, mimi hakuniangalia hata kidogo. Aliiangalia friza. Aliizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, akaipiga picha kwa simu yake, mbele na ubavuni, kisha akainama kupiga picha ya namba iliyobandikwa nyuma.

"Bado inagandisha vizuri, mama?" alimuuliza dada.

"Ingiza mkono uone."

Kijana hakuingiza mkono. Alisema ofisi imechoka kusubiri. Mwisho wa mwezi ukifika bila deni kulipwa watakuja na kirikuu kuibeba, na anaomba sana siku hiyo kusiwe na samaki ndani, kwa sababu kuna friza ya mtu waliibeba na samaki wake na lile gari linanuka mpaka leo. Alisema yote hayo kwa upole, kama jirani anayekuletea taarifa ya msiba. Upole wake ulinichosha kuliko matusi.

Niseme mapema deni lilitoka wapi, maana watu wakisikia mwanaume mzima anadaiwa sehemu tatu huwaza pombe. Ilikuwa pikipiki. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa kwenye kazi moja muda wa kuzeeka nayo. Nimevua dagaa, nimeshusha mizigo stendi, nimebeba mawe kwenye machimbo ya Buhemba, nimekuwa utingo wa lori. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kujua inavyofanyika. Halafu nikapata wazo la kuchukua samaki Musoma alfajiri na kuwafikisha Bunda barafu ikiwa bado haijayeyuka. Kwa wazo hilo ilihitajika pikipiki.

Ofisi ya mikopo pale Kitaji ilinipa milioni moja, dada akiwa mdhamini na friza yake ikiwa dhamana. Pesa haikutosha. Mzee mmoja wa Butiama, rafiki wa marehemu baba, akanipa dume la ng'ombe nikaliuze mnadani, kwa makubaliano kwamba nitamrudishia mtamba, jike ambaye hajazaa bado. Pikipiki ilipoanza kusumbua, mama mwenye duka la spea Nyasura, kule Bunda, akanikopesha tairi, kisha cheni, kisha betri, kisha pistoni. Biashara ilikwenda vizuri msimu mmoja. Baada ya hapo wakaja watu wenye magari ya baridi, wakawa wananunua samaki wote palepale mwaloni, mtumbwi ukigusa tu mchanga, na mimi nikabaki na pikipiki ninayoilisha bila yenyewe kunilisha.

Nikaiuza laki nane. Ofisi ya Kitaji peke yake ilikuwa inanidai milioni moja na laki moja. Laki sita kati ya hizo zilikuwa za mkopo wenyewe, zilizobaki baada ya marejesho niliyokwisha kulipa. Nyingine zote zilikuwa riba na faini, zilizokuwa zikikua hata nikiwa nimelala.

Habari kwamba deni linaweza kupunguzwa niliipata kinyozini. Mtu mmoja alikuwa ananyolewa huku anasimulia jinsi alivyowapelekea wadai wake nusu ya pesa, yote kwa mkupuo, wakaipokea na kumfutia nusu nyingine. Mimi nilikuwa nimepita tu kuchaji simu. Nikavuta stuli.

"Kwa hiyo wanakubali tu?"

"Wanakubaligi ukiwa na pesa mkononi. Ukiwa na maneno hawakubali."

"Na ile waliyoifuta inakwenda wapi?"

"Inakwenda wapi kivipi?"

"Hiyo nusu. Ilikuwepo, sasa haipo. Nani ameichukua?"

Yule mtu alinitazama kupitia kioo. "Wewe mura, unadaiwa au unafanya utafiti?"

Kesho yake nilikuwa Kitaji. Kijana wa mikopo alinisikiliza, akaingia kwa meneja, akatoka, akaingia tena. Mwishowe akaniambia, kwa sauti ya chini kana kwamba ananiuzia kitu cha magendo, kwamba nikileta laki nne na nusu kwa mkupuo wanaweza kufunga faili na kuiachia friza. Kibali cha maandishi kitatoka makao makuu Mwanza siku ya Alhamisi, Ijumaa nije kulipa. Baada ya Ijumaa ofa imekufa.

"Na mdhamini aje mwenyewe kusaini," aliongeza. "Mali ni yake."

Hilo nililiona dogo. Dada ana mkono, kalamu ipo, atasaini. Nilitoka pale nikipiga hesabu barabarani: nne na nusu za ofisi, tatu na nusu zinabaki kwa ajili ya Bunda na Butiama. Kama Kitaji wenye makoti na kiyoyozi wamepunguza, mama wa spea na mzee wa ng'ombe watashindwaje? Nilikuwa na siku za kusubiri kibali. Nikaona nizitumie.

Nyasura nilimkuta mama wa spea amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, amezungukwa na mafundi kama kawaida, kila mmoja anataka kitu na hakuna anayetoa pesa. Alikuwa ananidai laki tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta?"

"Nimeleta, ila tuongee kidogo."

"Mtu aliyeleta haongeagi. Anatoa."

Niliinama juu ya kaunta, nikamwambia polepole kwamba nina laki moja na nusu taslimu, kwamba pikipiki imeuzwa na hakuna nyingine inayokuja, kwamba akikubali tumalize leo. Alinyanyuka, akanivuta mkono hadi nyuma, kwenye tairi zilizopangwa mpaka darini.

"Nani amekufundisha haya?" alininong'oneza.

"Nimeyasikia kinyozini. Musoma."

"Huyo kinyozi asifike Bunda. Laki mbili."

"Laki na sitini."

"Tairi yangu uliikanyagia mpaka Musoma na kurudi, leo unaniambia sitini?"

"Mama, ile tairi ilipasuka wiki ya pili."

"Ulizidisha samaki! Themanini. Laki na themanini, na usiniongezee neno lingine."

Sikuongeza. Alizihesabu noti gizani kwa vidole, akazihesabu tena, akazisokomeza kwenye kitenge. Nikadhani tumemaliza. Akanishika tena mkono.

"Sasa toka mbele ukaseme."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba umelipa yote. Kwa sauti. Wale wote nawadai. Wakijua nimekupunguzia, kesho nafunga duka."

Basi nikatoka mbele ya mafundi, mtu mzima, nikasimama kama mtoto anayesoma shairi shuleni. "Mama, asante sana! Laki tatu yako nimemaliza yote!"

"Laki tatu umetoa wapi, wewe?" fundi mmoja aliuliza bila kuinua macho kwenye kabureta.

"Nimeuza pikipiki."

"Ile? Aliyenunua anaonaga kweli?"

Walicheka wote, na mama wa spea alicheka kuwashinda. Niliondoka nimekasirika, ingawa nilikuwa nimeokoa laki na ishirini na nilistahili kufurahi. Sikufika mbali. Yule fundi wa kabureta alinifuata mpaka barabarani akijifuta mikono kwa tambara.

"Amekuachia kwa ngapi?"

"Nimelipa yote. Si umesikia?"

"Nimesikia. Na mimi mwaka jana nilipiga kelele hivyohivyo." Akarudi dukani.

Kutoka Bunda nilishuka Makutano, nikapanda bodaboda kwenda Butiama, mfukoni nikiwa na laki sita na ishirini. Mzee nilimkuta zizini anawapa ng'ombe magadi. Alifurahi kuniona kiasi cha kuniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Tuliulizana habari za nyumba, za mvua, za mihogo, za afya ya ng'ombe mmoja mmoja. Mkewe akaleta uji. Nilipoona hakuna atakayenisaidia kuanza, nikatoa laki mbili nikaziweka kwenye benchi katikati yetu.

"Mzee, nimekuja kwa lile jambo la dume."

"Ee. Vizuri." Alizitazama zile noti. "Na mtamba yuko njiani?"

"Ndiyo hii. Siyo yote, mzee. Mambo yamekuwa magumu, pikipiki nimeuza. Nilikuwa naomba tukubaliane. Uchukue nusu, tuyamalize."

"Nusu ya mtamba?"

"Nusu ya thamani yake, ndiyo."

"Nusu ipi, mura? Ya mbele au ya nyuma?"

"Mzee..."

"Nauliza. Maana ukinipa ya mbele nitalisha mimi, na wewe utakuwa unakamua."

Mkewe alicheka hadi akakaa chini na bakuli la uji mkononi. Mimi nikaeleza tena, kwa utaratibu. Nikaeleza habari za Kitaji, jinsi ofisi kubwa yenye makao makuu Mwanza imekubali kuchukua sehemu na kusamehe nyingine. Mzee alinisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja. Alikuwa anataka kuelewa kweli, na hapo nilimwonea huruma, kwa kuwa nami ndivyo nilivyo.

"Wanakusamehe?"

"Ndiyo."

"Uliwakosea nini?"

"Sijawakosea. Nawadai... yaani wao wananidai."

"Sasa kama hujawakosea wanasamehe nini?"

Nikanywa uji. Akaendelea, bado kwa uchangamfu uleule, kwamba yeye hana haraka. Mtamba anaweza kuja mwakani. Anaweza kuja hata siku binti wa dada yangu atakapoolewa, maana mimi ndiye mjomba na kuna ng'ombe wa mjomba kwenye mahari. Binti mwenyewe yuko kidato cha pili. Mzee alilisema hilo kana kwamba ni kesho kutwa. Lakini kupunguza hawezi, kwa sababu dume halikutoka zizini kimyakimya.

"Siku ile tulisimama wanne hapa getini," alisema. "Mimi, wewe, jirani yangu huyo wa ng'ambo, na dada yako aliyesimama kwa niaba ya nyumba ya baba yenu. Wote walisikia mtamba. Leo umekuja peke yako. Wenzetu wako wapi?"

"Mzee, hili ni la kwangu na wewe tu."

"Hapana. Lingekuwa la kwako na mimi ningekupa usiku."

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu aliyekulia huku hakupaswa kulifanya. Kutembea sana kulinisahaulisha. Nilikwenda kufunga jambo la ng'ombe bila watu waliolifungua. Ningekwenda nao, hata mzee angekataa, angekataa mbele yao na yangekwisha pale. Kwenda peke yangu kulimlazimu kuwatafuta. Jirani aliitwa kwa sauti tu, akaja na fimbo yake, akakaa. Dada alipigiwa simu. Mzee hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake huwekwa sauti ya juu ambayo hata ng'ombe wanaisikia.

"Binti yangu, mko salama? Ndugu yako yuko hapa. Ameleta nusu ya mtamba."

Kwenye simu nilisikia kwa mbali mtu wa Kamunyonge anauliza bei ya barafu na hajibiwi.

"Ameleta nini?"

"Nusu. Anasema ndivyo wanavyofanya huko Kitaji."

"Mpe simu."

"Ongea tu, tunasikia wote."

"Basi mwambie arudi nyumbani," dada alisema. "Na hizo hela arudi nazo."

Mzee alinirudishia laki mbili zangu mkononi, akanipa na mkungu mdogo wa ndizi nimpelekee dada. Niliubeba begani hadi Makutano. Hata deni langu lilikuwa linanipa mzigo wa kubeba.

Niliporudi Kamunyonge nilimkuta dada ameichomoa friza kwenye umeme, ameifunua, anaikausha kwa tambara. Siku zile zote hakuwa amenunua samaki. Aliogopa kirikuu kije kabla ya wakati na kubeba sato wake pamoja na barafu. Wateja walikuwa wanafika mlangoni, wanaona mfuniko umeinuliwa, wanakwenda nyumba ya tatu kwa mwenzake. Friza ile ndiyo inayomlipia kodi na ada ya binti. Nilidhani mtu aliye katika hali hiyo angefurahi kusikia kwamba kwa laki nne na nusu jambo limekwisha.

"Na Kitaji nao umekwenda kuwaomba?" aliniuliza bila kugeuka.

"Sijaomba. Ni ofa."

"Ofa ndiyo nini?"

Nilimweleza. Aliendelea kukausha kona moja ambayo ilikuwa imekwisha kauka.

"Zile zenyewe tulizokopa, siyo vitoto vyake, zimebaki ngapi?"

"Laki sita."

"Na unazo?"

"Ninazo, lakini dada..."

"Basi tutalipa sita."

Nilikaa chini. Nikamweleza upya, polepole, kama nilivyomweleza mzee. Nikamwambia kwamba wao wenyewe ndio wamesema nne na nusu, kwa midomo yao. Kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuumwa kwa kukatazwa kulipa zaidi.

"Riba zao na faini zao wazichukue waende nazo, sizijui," alisema. "Lakini ile pesa waliyokuhesabia mkononi nikiwa nimekaa pale na kitambulisho changu, ilitoka nikiiona. Na itarudi nikiiona."

"Unajua laki na nusu ni samaki wangapi?"

"Kati yangu na wewe nani ananunuaga samaki?"

"Watabeba friza!"

"Wabebe. Lakini sitasaini karatasi kwamba nimesaidiwa. Karatasi hizo zinapitaga kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikienda Jumapili kanisani wataniangalia kama niliyepewa unga wa msaada."

Nilitoka nje nikaizunguka nyumba, nikaizunguka tena. Nilikuwa nimebishana na duka, nimebishana na zizi, nimebishana na ofisi yenye makao makuu Mwanza, na katika wote hao aliyenishinda ni mtu niliyekuwa najaribu kumwokolea mali yake. Niliwaza kuondoka. Kuna boti ya kwenda Ukerewe, na Ukerewe sijawahi kuishi. Lakini bila saini yake friza inaondoka, na kila nikifika mlangoni naiona imefunuliwa vile, tupu, mdomo wazi. Nikarudi ndani. Nikamwambia sawa, twende pamoja Ijumaa, ukawaambie mwenyewe.

Ofisi ya Kitaji ina mabenchi mawili, na Ijumaa hujaa. Kijana wa mikopo alitupokea akitabasamu, kibali cha Mwanza kikiwa kimechapwa tayari. Dada alikichukua akakisoma chote, kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Watu kwenye mabenchi wakaacha mazungumzo yao wakatusikiliza sisi.

"Hapa mmeandika laki nne na nusu. Badilisha, andika sita."

Kijana aliangalia karatasi, akamwangalia dada, akaniangalia mimi. "Kaka, nadhani mama hajaelewa."

"Ameelewa," nilimwambia. "Hilo ndilo tatizo."

"Mama, hii ni ndogo kuliko sita. Tumewapunguzia."

"Nimeona. Sisi tumekuja na sita."

Kijana alikuna kichwa, akabonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena. Kisha akatueleza. Mfumo umeidhinishiwa laki nne na nusu tu. Akiingiza laki sita, mfumo utaisoma kama rejesho la kawaida. Ofa itajifuta, na tutabaki tunadaiwa laki tano, na friza itabaki dhamana, na kirikuu kitakuja kama kawaida.

"Ngoja," dada alisema. "Nikilipa kidogo deni linaisha?"

"Ndiyo, mama."

"Nikilipa nyingi linabaki?"

"Ni... kwa mujibu wa mfumo, ndiyo."

Benchi la nyuma likalipuka. "Mama, usilipe kabisa, watadaiwa wao!" mzee mmoja alipaza sauti. Mwanamke aliyekuwa karibu yake akasema, "Mimi nipunguzieni kama yeye hataki. Nihamishieni." Mwingine akauliza kama ofa inagawanyika. Kijana alikuwa anatokwa jasho chini ya kiyoyozi.

Meneja alitoka kwa sababu ya kelele. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, na alidhani tumekuja kulalamika kwamba punguzo ni dogo. Ilichukua muda kumwelewesha. Alipoelewa alikaa kwenye kona ya meza.

"Mama, mimi siwezi kupokea pesa ambayo haina deni. Wakaguzi wakija nitawaambia nini? Kwamba kuna mama kutoka Kamunyonge alinihurumia?"

"Deni lipo. Laki sita. Mlimhesabia hapa, nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho."

"Tumelifuta."

"Nani amewaambia mfute?"

Nilimwinamia dada sikioni. Nilimwambia kwamba saa sita wanafunga hesabu za wiki, kwamba ofa inakufa leo, kwamba nimechoka, kwamba akitaka nitapiga magoti hapohapo kwenye vigae vyao. Nilimwambia wateja wake wananunua kwa mwenzake nyumba ya tatu. Hilo la mwenzake nadhani lilimgusa. Alikunja midomo.

"Haya," alimwambia meneja. "Pokea hiyo mnayoitaka. Lakini andika hapo chini kwamba tulikuja na sita, na ninyi ndio mliokataa."

"Mama, hiyo karatasi ni ya ofisi."

"Na friza ni yangu. Andika, nami nitasaini."

Meneja aliangalia mabenchi yaliyojaa, akaangalia saa, akavuta kalamu mfukoni kama mtu anayechomoa mwiba. Akaandika kwa mkono, chini ya maandishi ya Mwanza, kwamba mdaiwa na mdhamini walifika na shilingi laki sita na ofisi ikapokea laki nne na nusu kwa hiari yake. Akagonga muhuri. Dada akasoma tena kwa sauti, akageuka nyuma.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" benchi lilijibu.

Akasaini. Nami nikasaini. Kijana akaingiza pesa kwenye mfumo, akasubiri, akatuonyesha kwenye kioo kwamba pale penye deni sasa pana sifuri. Kwa upole wake uleule alifuta na picha za friza kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, dada akimsimamia.

Tulipofika nje nilikuwa na laki na sabini mfukoni na nilijisikia mwepesi. Ukerewe nauli siyo kubwa. Dada alinyoosha mkono.

"Lete."

"Hii ni yangu, dada. Ni ya pikipiki yangu."

"Pikipiki ya nani? Ya mzee wa Butiama, na ya Kitaji, na ya yule mama wa Bunda. Wewe ulikuwa unaendeshaga tu. Lete hizo."

Nilimpa. Njiani alipita dukani akanunua umeme wa elfu kumi, akaniambia nyingine zinanunua samaki, na faida ya samaki inanunua mtamba, mzima, mwenye kichwa na mkia, na siku ya kumpeleka tutakwenda wote wawili na jirani wa ng'ambo ataitwa. Nilimuuliza ni nani atakayekwenda mwaloni alfajiri kuchukua hao samaki. Akaniangalia mimi. Nilijua. Nilimuuliza kama anajua kwamba sasa sina pikipiki. Akasema mwaloni watu wanakwendaga kwa miguu.

Jioni alichomeka friza. Iliguna, ikatetemeka, ikaanza kazi. Alipanga vifuko vya maji chini ili barafu iwahi kushika kabla ya samaki wa asubuhi. Mimi sijawahi kukaa karibu na friza inayoanza kutoka kwenye joto, kwa hiyo nilitaka kujua maji hushika kuanzia pembeni au katikati. Nilifunua mfuniko, nikaangalia. Baada ya muda nikafunua tena. Ilikuwa bado maji.

"Dada," nilimuuliza, "kwa faida ya samaki, huyo mtamba tutampata lini?"

"Ukiacha kufunguafungua hiyo friza," alisema, akaja akakaa juu ya mfuniko.